Watoto Wanaoruka kwa Ajili ya Wengine



Juma hili nataka tuzungumze habari ya sarakasi. Najua wako watakaoguna wakiliona neno hili katika gazeti la nyumbani. Wengi wetu tukisikia sarakasi twamkumbuka kijana asiye na shati anayetembea kwa mikono karibu na stendi ya mabasi, na mwenzake anayepitisha kofia. Watu hutazama kwa furaha, na kofia ikikaribia kila mmoja hukumbuka kwamba ana safari. Tena wengine wamelifanya neno lenyewe kuwa tusi: mtu akigeuza-geuza maneno yake huambiwa anacheza sarakasi. Basi nawaomba mnivumilie, maana jambo ninalotaka kulisema si la mchezo.

Vikundi vya vijana wanaocheza sarakasi ili kuchanga fedha za kuwasaidia wengine vyaonekana mahali pengi siku hizi, na barua zao hufika mezani kwa makarani kama mimi. Huandika kwa adabu: twaomba ukumbi siku ya Jumamosi, kiingilio kitakuwa kadha wa kadha, na mapato yatakwenda kwa watoto yatima, au kwa bati za zahanati, au kwa mgonjwa anayengoja kupasuliwa. Hapo wakubwa hugawanyika. Huyu asema mchezo huo ni wa wahuni na mtoto atavunjika shingo. Yule asema bati zatakiwa na mvua zi karibu, wapewe ukumbi upesi. Mmoja ameikumbuka shingo, mwingine amezikumbuka bati, na yule mtoto wa miaka kumi atakayesimama juu ya mabega ya wenzake hakuulizwa kitu na mtu yeyote.

Maoni yangu nayasema mapema ili msinisubiri. Vijana hawa wapewe ukumbi, na sisi tuende kuwatazama. Lakini mtoto anayeruka kwa ajili ya wengine sharti awe na sauti katika kikundi chake, tena ajue kila shilingi imekwenda wapi. Pasipo hayo mawili, hisani yote yageuka kuwa kazi ya kumla mtoto mmoja ili mwingine ashibe.

Kwanza niwakumbushe wale wasemao mambo haya ni ya wahuni. Serikali ya Tanzania yenyewe iliona sarakasi kuwa kazi ya heshima. Miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza, na waliporudi kiliundwa Kikundi cha Sarakasi cha Taifa mwaka 1969. Walizunguka nchini wakicheza mbele ya wageni wa taifa na mbele ya wakulima. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, kazi ya kufundisha sanaa ilishikwa na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1981. Kwa hiyo kijana anayepinda mgongo pale ufukoni huenda amefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu wa kikundi kile. Jirani zetu wa Kenya nao wanayo Sarakasi Trust, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2001, ikafanya makao yake katika jumba lililokuwa sinema hapo zamani, mtaa wa Ngara. Kwa hiyo tusiseme kwamba ni jambo geni.

Sasa twende mbali kidogo, maana mfano ulio bora kwa jambo letu, na ulio mgumu pia, uko Hispania, upande wa kaskazini-magharibi, katika mji wa Ourense. Huko mwaka 1956 kijana mmoja jina lake Jesús Silva, ambaye watu walimjua baadaye kama Padre Silva, alianza kukaa na wavulana wapatao kumi na watano. Hispania ya siku zile ilikuwa chini ya Jenerali Franco, nchi ilikuwa maskini, na watoto wa mitaani hawakukosekana. Silva alikuwa ameguswa na habari za Padre Flanagan, yule aliyeanzisha mji wa wavulana huko Nebraska, Marekani, mwaka 1917, ambao baadaye ulipigiwa filamu, na mchezaji Spencer Tracy akashika nafasi ya padre. Wako wanaotazama filamu, wakafuta machozi, wakarudi nyumbani kulala. Silva alikwenda kujenga.

Wavulana wake walipata shamba nje ya mji, mahali panapoitwa Benposta, na hapo wakafanya kitu ambacho kiliwashangaza wakubwa: wakakifanya kijiji chao kuwa kama nchi ndogo. Walichagua meya wao miongoni mwa watoto. Walikuwa na baraza lao la kukutana na kuamua mambo. Walikuwa na fedha zao wenyewe za kutumia humo ndani, na lango ambalo mgeni alilipita kama apitaye mpaka wa nchi. Walisoma, tena walifanya kazi katika karakana zao. Watu wa mjini walicheka, wakasema padre anacheza na watoto. Lakini fikiri, msomaji: mtoto aliyezoea kufukuzwa kila mahali leo ana kura. Mimi nilisomea ualimu, na chuoni tulifundishwa mengi juu ya nidhamu ya darasa, ila sikumbuki kama tulifundishwa kwamba mtoto aweza kupiga kura juu ya jambo linalomhusu.

Tatizo lao lilikuwa lile tatizo la siku zote, yaani chakula. Watoto wengi hawaishi kwa kura. Padre Silva alikuwa na jamaa waliokuwa watu wa sarakasi, akaona hapo njia. Miaka ya 1960 ilianzishwa shule ya sarakasi pale Benposta, na katikati ya miaka hiyo wakatoka hadharani kwa jina la Circo de los Muchachos, maana yake Sarakasi ya Wavulana. Walianza nyumbani, wakazunguka Hispania, kisha wakavuka mipaka: Ulaya, Amerika, hata Japani. Walicheza Paris, walicheza New York. Mapato yalirudi kuendesha mji wao na kuwapokea watoto wengine. Angalia vema jambo hili. Watoto hawa hawakusimama mlangoni pa matajiri wakinyoosha mkono. Walifanya kazi inayotazamika, watu wakalipa tikiti kwa kuwa mchezo ulistahili, na kwa fedha hiyo mtoto asiyewahi kuruka hata mara moja akapata kitanda.

Tendo lao lililojulikana kuliko yote lilikuwa mnara wa watu. Padre Silva alipenda kuueleza kwa maneno machache, kwamba wenye nguvu wakae chini, wanyonge wapande juu yao, na mtoto awe kileleni. Nimelifikiri sana jambo hilo, wala si kwa sababu ni maneno matamu. Katika dunia yetu mnara umejengwa kinyume: aliye dhaifu ndiye aliye chini, amebeba wote, na mwenye nguvu amekaa juu anapunga mkono. Wavulana wale waliupindua mbele ya macho ya watu kila jioni, na watazamaji wakaelewa bila kuhubiriwa.

Lakini ngojeni, tusiupite mnara huu haraka, kwa kuwa hapa ndipo wazazi wengi wana hofu, na hofu yao ina msingi. Mnara wa watu haujengwi kwa ujasiri tu. Anayesimama chini hukunja magoti kidogo na kunyoosha mgongo, kwa sababu uzito ukishuka juu ya mgongo uliopinda humuumiza kiuno. Anayepanda hukanyaga kwanza paja la mwenzake karibu na nyonga, wala si katikati ya paja, kisha huweka unyayo begani karibu na shingo, ambapo mfupa una nguvu, si pembeni ambapo bega huteleza. Mmoja tu ndiye anayetoa amri. Wawili wakitoa amri mnara huanguka. Pembeni husimama wale wa kudaka, macho yao yakiwa juu muda wote, na hao hawapigiwi makofi na mtu. Tena kushuka hufundishwa kabla ya kupanda. Mwalimu mwema humfundisha mtoto kuanguka juma baada ya juma: kukunja mwili, kuviringika, kutoupeleka mkono mbele ukiwa umenyooka, kwa maana ndivyo kifundo cha mkono kinavyovunjika. Mkiona kikundi ambacho watoto wake wajua kupanda lakini hawajui kuanguka, waambieni warudi kwao wakajifunze.

Na mgongo wa mtoto usipindwe ukiwa baridi. Kuna walimu wanaomkalia mtoto mgongoni ili alainike upesi, kwa kuwa onyesho ni Jumamosi. Huo ni ukatili, hata kama fedha zinakwenda kwa yatima.

Nirudi Benposta. Nisingewatendea haki kama ningewaacha mkidhani kwamba mambo yalikuwa mema mpaka mwisho. Mji ule wa wavulana ulidumu miaka mingi, baadaye wasichana nao wakaingia, na mbegu yake ilivuka bahari, hata leo lipo shirika la Benposta huko Kolombia lililoanza Bogotá mwaka 1974, linalowalea watoto walioponea vita na umaskini. Lakini kule Ourense kwenyewe kazi ilififia. Watoto walipungua, magomvi yakaingia, mashamba na majengo yakawa na kesi. Padre Silva alifariki mwaka 2011. Wengine husema ndiyo desturi ya kazi iliyosimama juu ya mtu mmoja. Sina neno la kubishana nao, ila nasema kwamba watoto waliokula na kusoma pale kwa miaka ile hawakula ndoto.

Mfano wa pili ni wa huzuni, nao uko karibu zaidi nasi. Mwaka 1991, vita vya Ethiopia vilipokuwa vinakwisha, kilianza kikundi cha sarakasi cha watoto Addis Ababa, kwa juhudi ya mgeni mmoja kutoka Kanada. Kilipendwa upesi kabisa. Watoto walicheza nje, bure, mbele ya umati mkubwa, na ndani ya mchezo wakatia mafundisho: habari ya UKIMWI, habari ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Miji mingine ya Ethiopia ikaanzisha vikundi vyake. Ulaya ikawaalika. Kila mtu alisema, tazama jinsi watoto wa Afrika wanavyofanya mema. Kisha mwaka 1998, wakiwa ziarani Australia, baadhi ya vijana wale walikataa kurudi, wakaomba hifadhi, wakatoa mashtaka mazito ya kutendewa mabaya, nayo yalimhusu mkuu wao mwenyewe. Mkuu huyo alijiuzulu, na mwaka uliofuata akafa kabla ya mahakama yoyote kuamua neno.

Sielezi habari hii ili kumhukumu marehemu. Naieleza kwa sababu ya swali moja linalonisumbua: ilikuwaje vijana wale wakangoja mpaka wafike ng’ambo ya bahari ndipo waseme? Bila shaka walikuwa wamezungukwa na watu wema. Walikuwapo wafadhili, waandishi wa habari, wenyeji wao Ulaya, watazamaji maelfu. Lakini wote hao walitazama mchezo. Na kikundi kikisifiwa sana kwa kutenda mema, mtoto aliye ndani hupata taabu ya kusema, kwa kuwa akisema huonekana anaharibu kazi njema, anawanyang’anya maskini chakula chao. Hapo hisani yenyewe yageuka kuwa kufuli. Wazazi, yashikeni haya. Mtoto anayecheza kwa ajili ya wengine huhitaji mlango wa kutokea ulio mpana kuliko wa mtoto anayecheza mpira, kwa sababu juu yake umewekwa mzigo wa huruma.

Vijana wa Ethiopia wenyewe hawakuikatia tamaa sarakasi. Vikundi viliendelea kuwapo, na Waethiopia wengi wamekuwa wachezaji mashuhuri wa dunia. Kosa halikuwa katika kuruka.

Wa tatu ni wa Kambodia, na huu naupenda sana. Mnajua kwamba nchi ile iliteswa na utawala wa Pol Pot kuanzia mwaka 1975 hata 1979, na kwamba watu wengi walikimbilia mpakani mwa Tailandi wakakaa kambini miaka na miaka. Katika kambi iliyoitwa Site Two, mwalimu mmoja Mfaransa, Véronique Decrop, aliwafundisha watoto kuchora. Hawakuchora maua. Walichora waliyoyaona. Watoto wale walipokua na kurudi kwao, vijana tisa miongoni mwao pamoja na mwalimu wao walianzisha mwaka 1994, karibu na mji wa Battambang, shule iliyoitwa Phare Ponleu Selpak, na jina hilo lahusu mwanga wa sanaa. Shule ya sarakasi iliongezwa mwaka 1998, kwa kuwa wako watoto ambao kalamu haiwatoshi. Maumivu yao yako miguuni, hawawezi kuketi. Mwalimu yeyote amewahi kumwona mtoto wa namna hiyo.

Jambo linalonivuta kwao ni mpangilio wao. Katika uwanja uleule mna masomo ya kawaida na mna sarakasi, na mtoto hajaambiwa achague. Kisha, mwaka 2013, walifungua hema mji wa Siem Reap, ambako watalii hufika kwa wingi kuyatazama mahekalu ya kale ya Angkor. Humo huchezwa kila jioni na wahitimu, yaani vijana waliokwisha kukua, nao hulipwa kwa kazi yao, na faida husaidia kuendesha shule kule Battambang, ambako watoto hufundishwa bila ada. Mmeiona tofauti? Wadogo wanajifunza, wakubwa ndio wanaochuma. Ulaya na Marekani wanao wafadhili, hata hivyo shule hii haikuwategemea hao tu, ikajitengenezea kisima chake. Na mtalii anayelipa tikiti haambiwi amhurumie mtu. Aambiwa aketi atazame.

Hapo twafika kwenye fedha, nami hapa niko nyumbani, kwa kuwa kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Niwape mfano wa kubuni tu, msiutafute mahali popote. Tuseme ukumbi umejaa watu 300, kila mmoja ametoa shilingi 2,000. Hizo ni shilingi 600,000. Watu waona gunia la fedha. Lakini nauli ya kikundi na vyombo vyake ni 120,000. Chakula cha vijana ishirini ni 60,000. Kipaza sauti na umeme ni 50,000. Kukodi magodoro ni 40,000. Mwalimu wao naye ana watoto nyumbani, mpeni 50,000. Zimekwisha 320,000, zimebaki 280,000. Sasa kama tangazo la mlangoni lilisema “mapato yote ni ya yatima,” basi tayari umekwisha kuwadanganya watu, ingawa hukuiba hata senti moja. Na kama lilisema “nusu ya mapato,” yaani 300,000, huna za kutosha, na ile 20,000 iliyopungua itatafutwa wapi? Nitawaambieni itatafutwa wapi: katika chakula cha vijana. Watalala na chai. Nimeona mara nyingi kwamba penye hesabu mbaya za hisani, hasara humwangukia aliye mdogo kuliko wote.

Kwa hiyo tangazo liandikwe ukweli: baada ya gharama, kinachobaki kitakwenda mahali fulani. Watu wetu si wajinga, wakielezwa hutoa. Gharama zisomwe usiku uleule, mbele ya vijana wenyewe, kwa sauti. Tena risiti ya yule aliyepokea msaada irudishwe kwa kikundi, si kwa mwalimu peke yake, waibandike ukutani wanapofanyia mazoezi. Kijana akiiona risiti ya bati arobaini atajua kwamba kiuno chake hakikuuma bure. Na akiona miezi mitatu imepita na ukuta u mtupu, atajua la kuuliza.

Liko na jambo la sheria ambalo wengi hatulifikirii kwa kuwa twadhani kazi ya hisani iko nje ya sheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi nyepesi, nayo yakataza kumtumia mtoto kwa unyonyaji na kumfanyisha kazi usiku. Sasa mtoto wa miaka tisa anayechezeshwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kila juma, miji mbalimbali, akifika shuleni Jumatatu akiwa anasinzia, huyo anacheza au anafanya kazi? Mimi nasema anafanya kazi. Kuchangia yatima mara moja katika muhula ni mchezo na ni sadaka. Kila juma ni ajira isiyo na mshahara.

Wazee wengine wataniuliza habari za wasichana. Nitajibu kwa ufupi. Msichana aweza kuruka kama mvulana, na mavazi ya kuchezea yanayostahili yako, marefu na ya kubana, hayamzuii kitu. Wanaotazama kwa macho mabaya ndio watolewe ukumbini. Lakini kila kikundi chenye wasichana kiwe na mama wa makamo anayesafiri nao, anayelala chumba chao, na ambaye hatokani na jamaa ya mwalimu. Hilo nalisema kwa nguvu, na habari ya Addis Ababa isomwe tena na yeyote anayeona nimezidisha.

Mtauliza, je, sauti ya mtoto itapatikanaje? Hatuna mji wenye meya mtoto, wala sidhani kila kikundi chahitaji lango la mpaka. Lakini yale ya Benposta yaweza kufanywa kwa udogo. Siku moja kabla ya onyesho vijana waketi peke yao, mwalimu akiwa nje, waseme nani anaumwa, nani hataki kupanda mnara kesho, na wapendekeze fedha ziende wapi. Nimeambiwa na walimu wa michezo kwamba watoto wakiachiwa uamuzi huo hawachagui kama sisi. Sisi twapenda bati na majengo, kwa kuwa yanaonekana, na jina la mfadhili laweza kuandikwa juu yake. Wao wataja mtu. Watasema, kuna mtoto fulani darasa la nne haoni ubao, anunuliwe miwani.

Na asiyetaka kupanda asipande, wala asiulizwe sababu mbele ya watu. Mnara wa watu sita waweza kuwa wa watano.

Basi, kikundi kikifika kwenu, msikifukuze, wala msikipokee kama mtu apokeaye mfuko wa saruji. Mwandikieni mwalimu barua ya kumjibu, mwulizeni umri wa mdogo wao kuliko wote, anasoma wapi, nani atadaka, na nani atasoma hesabu. Mwalimu mwema atafurahi kuulizwa. Tena kumbi zetu nyingi zina sakafu ya saruji, na mikeka ya ukindu ni ya kulalia wageni, haimzuii mtu kuumia. Azimeni magodoro shuleni au bwenini mapema, yapangwe mawili-mawili chini ya kamba na chini ya mnara, yafungwe pamoja yasiteleze, nayo yawe tayari saa nane mchana ili vijana wayajaribu mbele ya wazazi wao kabla ya tikiti ya kwanza kuuzwa.